Friji la Barafu, Nofrosti, na Chupa za Kabula

Wanangu, nimegundua kwamba fundi hastaafu ufundi. Anachostaafu ni kubeba. Mgongo wangu ulikataa kunyanyua mafriji muda mrefu kabla mimi mwenyewe sijakubali, ila mdomo bado uko kazini, na nyinyi mnalijua hilo, ndiyo maana hamwishi kupita hapa kibarazani kwangu Mirongo. Mnaanza na shikamoo, mnamuulizia Bi Asha mke wangu, mnakubali chai baada ya kuikataa mara moja kwa adabu, halafu mnatoa lile mlilokuja nalo. Na siku hizi ni lile lile tu. "Mzee Idi, hivi bora friji gani, hili la kugandisha barafu au nofrosti?"

Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, chai yenyewe inakwisha. Nimeamua kuandika. Lakini msitegemee jibu la neno moja, kwa sababu mtu aliyewahi kunitaka nijibu kwa neno moja alikuwa amekuja kumchukua mtoto kwa mama yake, na neno langu ndilo lingemsaidia kumchukua. Mtoto mwenyewe anaitwa Kabula, yuko darasa la nne, anakaa Igogo. Nitamfikia. Kwanza kaeni sawa, kwa maana kuna mambo ya kazi ambayo msipoyaelewa hamtaelewa kwa nini siku ile ulimi wangu ulikuwa mzito.

Friji la barafu ni hili la miaka yote. Baridi inatoka kwenye ile friza ya juu, inashuka yenyewe taratibu bila kusukumwa na mtu. Unyevu wa chakula unapanda, unaganda kwenye kuta za friza, na barafu inanenepa mpaka mlango mdogo haufungi tena. Hapo mwenye nyumba anatakiwa azime, asubiri iyeyuke, apanguse. Nofrosti ina feni. Inapuliza ile baridi kila upande, na nyuma ya ukuta wa plastiki imefichwa hita ndogo inayowaka kila baada ya muda, inayeyusha barafu kabla hujaiona, maji yanateremka kwenye kimrija hadi kwenye bakuli la nyuma na kukauka yenyewe. Ni akili nzuri sana. Aliyeibuni nampa mkono.

Aliyenifundisha mimi kazi hii hakuwa na haraka ya kumpa mtu mkono. Mzee Jivan, Mhindi wa hapa hapa Mwanza, mzaliwa wa Mirongo, alikuwa na karakana nyuma ya duka la vitambaa la kaka yake. Maisha yake yote hakuonja nyama wala samaki, na Mungu akampa kazi ya kufungua mafriji katika mji ambao kila friji lina sato anayekukodolea macho. Hakukunja uso hata siku moja. Alikuwa anamwambia mwenye nyumba kwa upole, "Dada, naomba mhamishe kwanza huyu mgeni, ananitazama sana." Watu walikuwa wanacheka, wanamhamisha sato, na yeye anapiga magoti anaanza kazi.

Jambo kubwa alilonifundisha lilikuwa kikombe cha maji. Kipimajoto tulikuwa nacho, kimoja, na alikitunza vizuri. Lakini akienda nyumba ambayo friji linasumbua na hakuna anayejua kwa nini, anaomba kikombe, anakijaza maji, anakiweka pale pale penye malalamiko, anaaga. Anarudi baadaye kukitazama. Nikamuuliza siku moja, kwa nini asitumie kipimo? Akanijibu, "Idi, kipimo kinasema sasa hivi. Kikombe kinasema kutwa nzima. Halafu kipimo nasoma mimi peke yangu, kikombe anasoma hata bibi wa nyumba." Wakati ule niliona ni mambo ya wazee. Nilikuwa kijana, nilitaka vifaa.

Nofrosti za kwanza zilipoingia mjini tulicheka mpaka tukatoa machozi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, kila mwenye uwezo alilitaka, ila hakuna aliyeliamini. Hapa kwetu mtu alikuwa analipima friji kwa unene wa barafu yake. Tukaitwa nyumba moja, friji jipya, limesimama linang'aa, mama mwenye nyumba amekasirika. Limeharibika, anasema, halina barafu hata chembe. Tukafungua tukakuta matundu ya feni yamezibwa kwa kanga iliyokunjwa vizuri, ili upepo usipoteze baridi. Mwingine, huko Igogo, alimwaga jagi zima la maji ndani ya friza. Nilipomuuliza akanijibu kwa utulivu kabisa, "Nilikuwa naliwashia barafu, fundi, nikajua likishapata mbegu litaendelea lenyewe."

Msicheke sana. Nyinyi wenyewe mnapiga mafriji teke.

Sasa uzuri wa nofrosti. Kwanza limeniokoa na visu. Hamjui matobo mangapi nimeyaziba katika maisha yangu kwa sababu ya watu kuchokoa barafu kwa kisu. Mtu anawahi kazini, nyama imegandamana na ukuta wa friza, anachukua kisu, anachokoa, anasikia gesi inapiga mluzi, friji limekufa. Nikifika, kisu kimefichwa na kila mtu nyumbani ananiambia limetoboka lenyewe. Nofrosti haina habari ya visu. Halafu baridi yake inakaa sawa, juu na chini, leo na kesho, haipandi na kushuka hovyo. Na dimbwi la maji jikoni kila unapoliyeyusha, halipo.

Ubaya wake nao upo. Ile feni inakausha. Weka mchicha bila kuufunika, kesho kutwa unapata kitu cha kuwashia moto. Na feni haina ubaguzi, hewa ya friza na hewa ya huku chini ni ile ile, kwa hiyo ukiweka dagaa wabichi juu bila kuwafunga vizuri, maziwa ya chini nayo yatakuwa na habari za ziwani. Nyumba moja walimfukuza muuza maziwa bure kabisa. Umeme ukikatika, friji la barafu linakaa na akiba yake, ile barafu nene inalinda vitu mpaka kesho, wakati nofrosti haina akiba, inaanza kupata joto mapema. Vipuri vyake ni vingi, hita, taima, feni, na ile kadi ya umeme ambayo umeme wetu ukipanda na kushuka inaungua bila kuaga. Na usijaribu kulishindilia. Ukizuia upepo umelizuia lote. Mtu anayeuza barafu asinunue nofrosti, atalia.

Hapo ndipo tunamfikia Mama Kabula, maana yeye ndiye muuza barafu.

Nilikuwa nimeshastaafu aliponipigia simu. "Shikamoo mzee. Friji langu siku hizi linatoa barafu laini, wateja wananung'unika." Ningeweza kumtuma mmoja wenu. Lakini friji lile nililiunda mimi mwenyewe kutokana na mizoga miwili ya mafriji mabovu, na mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa rafiki yangu wa kuzungumza. Nikaenda Igogo asubuhi, polepole, na begi la vifaa vichache.

Mama Kabula ni mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Anagandisha maji kwenye makopo, anawauzia wachuuzi wa samaki na wauza juisi. Alianza biashara hiyo baada ya msiba. Friji lenyewe halikuwa na tatizo la maana, raba ya mlango tu ilikuwa imelegea upande mmoja. Nilipokuwa napapasa raba hiyo niliona, kwenye rafu ya juu kabisa, chini ya friza, nyuma kabisa limegusana na ukuta, kopo la majani ya chai. Nikalitoa ili nisiliangushe. Ndani mlikuwa na vichupa vidogo vya dawa, vimefungwa kwenye kitambaa cheupe, na kitambaa kilikuwa kimelowa.

"Hizo ni za Kabula," akasema haraka, akanyoosha mkono kulipokea. "Sindano zake za sukari."

Kabula mwenyewe alikuwa ameketi mkekani na daftari la shule. Siku ile hakwenda darasani. Mtoto alikuwa amekonda, macho makubwa, na pembeni yake kulikuwa na chupa kubwa ya maji ambayo wakati wote niliokuwa pale aliinyanyua na kunywa, akaiweka, akainyanyua tena. Aliniamkia kwa sauti nzuri akarudi kwenye hesabu zake.

Mama yake akanieleza huku akipanga makopo, bila kunitazama. Walipomgundua mtoto ana kisukari, sindano zilimkubali vizuri, akanenepa, akarudi kucheza. Halafu mambo yakabadilika. Sukari ikawa inapanda, mtoto anadhoofika, mara ameanguka shuleni. Muuguzi akiuliza kama kuna siku anaruka sindano, anajibu hapana. Anaulizwa tena, kwa upole, anajibu hapana. Ila upande wa marehemu mumewe walishaamua. Shemeji yake, Bwana Shija, baba mkubwa wa Kabula, alisema mbele ya watu kwamba biashara ya barafu imemshika mama hata anasahau kumchoma mtoto. Na kesho yake, Jumamosi, alikuwa anakuja kumchukua Kabula akakae kwake Ilemela.

"Mzee, sijawahi kuruka," akaniambia. "Asubuhi namchoma, jioni namchoma. Hata siku nilipokuwa na homa nilimchoma. Sasa nani ataniamini?"

Mimi dawa sizijui, wanangu. Baridi naijua. Nikamuuliza swichi ya baridi huwa anaiweka wapi. Mwisho kabisa, akasema, la sivyo barafu haiwahi. Tangu lini? Tangu alipoanza biashara. Na usiku? Usiku analizima, ili umeme wa luku usiishe, kwa kuwa barafu ile nene inashika baridi mpaka asubuhi. Nyumba nyingi hapa mjini wanafanya hivyo, hata kwangu Bi Asha alikuwa akifanya mpaka nikamkemea, akanikemea na yeye. Nikamuuliza tena, chupa mpya huwa unaitoa saa ngapi? Alfajiri, akasema, kabla sijawasha friji. Ile inayotumika anaiweka nje, kwenye bakuli la udongo kando ya mtungi, kama muuguzi alivyomfundisha. Zile za akiba ndizo zinazokaa kwenye friji, kule nyuma, palipo salama.

Sikumwambia nilichokuwa nawaza. Kumwambia mama jambo kama lile kwa kubahatisha ni ukatili. Nikamwambia tu, "Mwanangu, kesho nitakuja tena mapema. Dawa tutazitoa humo kwa siku moja. Utaniazima kikombe."

Jumamosi nikafika, friji limeshawashwa. Nikajaza kikombe cha bati maji ya mtungini, nikakiweka mahali lilipokuwa lile kopo, nyuma, kimegusana na ukuta. Nilikuwa bado nimeinama Bwana Shija alipobisha hodi.

Nilitarajia mtu mkali. Aliingia mtu mzima, mpole, anayefanya biashara ya mbao, amebeba trei ya mayai. "Mwangaluka, shemeji," akamsalimia kwa Kisukuma. Mama Kabula akaitikia "Mwangaluka" huku akifuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Kabula akapiga goti kumwamkia, na yule bwana akamshika paji la uso, akaviacha vidole vyake hapo kwa muda. Baadaye niliambiwa paji lile ni la baba yake mtupu.

Alipokwisha kunywa chai akasema shida yake. "Shemeji, sikuja kugombana. Ndugu yangu ni mmoja, na kaniachia mtoto mmoja. Siwezi kukaa naletewa habari kwamba kaanguka tena. Kwangu kuna nafasi, kuna watu, kuna friji zuri, nofrosti, dawa itakaa vizuri. Atakuja kukutembelea." Kisha akanigeukia. "Na huyu hapa ni fundi, tena mzee wetu. Mzee, tuambie ukweli. Kwa dawa kama hizi, friji lipi bora? Hili, au nofrosti?"

Mama Kabula akanitazama. Hakuniomba kitu, alinitazama tu. Na mimi nilijua jibu. Nimelijua miaka mingi, nimewaandikia hapo juu: baridi ya nofrosti inakaa sawa. Kwa kitu kisichotakiwa kuganda, na friji jingine ni hili linalosukumwa mpaka mwisho mchana na kuzimwa usiku, hata fundi mwanafunzi angejibu. Nilitamani niwe mjinga kwa dakika chache tu.

"Nofrosti," nikasema.

Mama Kabula akainamisha kichwa. Bwana Shija akaitikia taratibu, bila kufurahi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Lakini sijamaliza," nikaendelea. "Humo ndani kuna kikombe cha maji. Naomba tukae mpaka alasiri, halafu wewe mwenyewe ukitoe. Ukishakiona, useme unachotaka."

Alikuwa mtu wa haki, akakubali. Siku ikawa ndefu. Tukala ugali na samaki, tukazungumza habari za mbao na kupanda kwa maji ya ziwa, na wachuuzi walikuja mlangoni kutaka barafu wakaambiwa warudi baadaye, nikakataza mlango wa friji usifunguliwe. Kabula alinionyesha daftari lake, nikamsahihishia hesabu moja ambayo, kumbe, alikuwa ameipata. Nikaenda msikitini, nikasali, nikarudi.

"Haya, Bwana Shija."

Akafungua. Akaingiza mkono kule nyuma, akakitoa kikombe, akakiinamisha kidogo kama mtu anayeogopa kumwaga. Hakikumwagika. Akakiinamisha zaidi. Mwishowe akakigeuza chini juu, na maji hayakutoka.

"Dawa zilikuwa hapa?" akauliza.

"Hapo hapo."

Nikawaeleza wote wawili. Mchana friji linafanya kazi bila kupumzika, na kule nyuma kila kitu kinageuka barafu. Usiku likizimwa kinayeyuka. Alfajiri mama anatoa chupa, anaiona ni maji maji, nzuri, ya baridi, hana sababu ya kuishuku. Na muuguzi alishamwambia dawa isigande, naye hakuiweka kwenye friza, aliiweka chini ya friza. Aliiweka nyuma kabisa kwa sababu ndipo sisi sote tunapoweka kitu cha thamani, mbali na mikono ya watu. Kinachogandishwa na kuyeyuka, kwa dawa hii, kinakuwa kimekufa. Kumchoma alimchoma kila siku.

Bwana Shija alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kikombe mkononi.

"Shemeji, nilisema humchomi."

"Ulisema."

"Nilisema mbele za watu."

"Ndiyo."

"Basi nitawaita wale wale niwaambie nilikosea."

Mama Kabula akachukua ncha ya kanga akajifuta uso. Mimi nikadhani kazi imekwisha, nikaanza kukusanya bisibisi zangu. Kumbe mtu wa haki ana taabu yake, haishii nusu ya njia. Bwana Shija akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa kweli hiyo ndiyo sababu zaidi ya mtoto kwenda Ilemela. Hapa friji halifai, mama hawezi kuacha biashara inayowalisha, na biashara haiwezi kwenda bila baridi ile. Alikuwa amesema kweli tupu. Hata nikimwambia mama ahamishie dawa kwenye droo ya mboga, kwa friji linalowashwa na kuzimwa namna ile, nisingeweza kuapa.

Nikaweka bisibisi chini. "Bwana Shija, umeniuliza friji lipi linafaa dawa, nikakujibu. Hukuniuliza mtoto anafaa kukaa wapi. Kinachotaka nofrosti ni hizi chupa. Wahamishe hao wagonjwa wa baridi. Mtoto mwache kwa mama yake."

Akanitazama.

"Dawa za akiba zikae Ilemela," nikamwambia. "Moja ikikaribia kwisha, unaleta nyingine. Wewe mwenyewe, si mtu wa kutumwa. Inayotumika inakaa nje kama kawaida. Hivyo dawa iko salama, na wewe unamwona mtoto wa ndugu yako kila inapokwisha chupa, unajua hali yake kwa macho yako, si kwa kuletewa habari."

"Nije na chupa mkononi," akasema.

"Na mayai, ukipenda."

Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. Akamtazama shemeji yake, naye akatikisa kichwa kukubali. Mambo makubwa ya ukoo nimeona yakichukua vikao na vikao, lile lilikwisha hapo mbele ya friji lililo wazi, likitutolea mvuke miguuni.

Muuguzi alipoelezwa alisikitika kwa dhati, akabadilisha zile chupa zote, na nasikia siku hizi anawaambia kina mama waweke kikombe cha maji kwanza kabla ya kuweka dawa. Mimi nilikwenda hadi Ilemela kwa Bwana Shija, nikapanda ule mlima wa mawe nikihema, kwa sababu nilitaka kuliona hilo friji lake linalosifiwa. Nikaweka vikombe. Na msije mkadhani nofrosti ni malaika: kikombe nilichokiweka mbele ya tundu la feni kilifanya utando wa barafu juu. Nikamwonyesha rafu ya katikati, karibu na mlango, mbali na upepo, nikabandika karatasi pale. Nikamwambia pia umeme ukikatika asiingiwe na hofu. Muuguzi alishatuhakikishia kwamba dawa ile inavumilia joto la muda kuliko barafu ya dakika chache.

Kabula amenenepa tena. Bwana Shija haruki chupa hata moja, na mara nyingine anafika wakati chupa haijakaribia kwisha, anasema alikuwa anapita tu, ingawa Igogo haiko njiani kwake hata kidogo. Friji la mama bado linaungurumisha barafu yake nene, na wachuuzi wanaridhika.

Kwa hiyo mkiulizwa friji gani bora, msikimbilie kujibu kama nilivyolazimika kujibu mimi. Ingia jikoni. Uliza humu mnawekwa nini, umeme mnauzima saa ngapi, na nani katika nyumba hii anategemea kilichomo. Anayeuza barafu na nyama ya jumla, mpe la kugandisha, umfundishe kuweka kisu mbali. Mwenye familia ndogo, watu wanaotoka asubuhi na kurudi jioni, mpe nofrosti na stablaiza nzuri ya kutuliza umeme, umwambie afunike dagaa. Na popote penye dawa, weka kikombe. Mzee Jivan hayupo tena, nami kila nikijaza kikombe namkumbuka, na namkumbuka kwa mapenzi.

Kuna kipande kimoja cha Jumamosi ile sikukiandika mahali pake, kwa sababu nilitaka nimalize kwanza habari za mafriji.

Bwana Shija alipoondoka na trei tupu, mimi nilibaki nafunga raba ya mlango. Mama Kabula aliketi mkekani, lile kopo la majani ya chai mapajani. Kwa siku nzima alikuwa amejikaza, na sasa hakukuwa tena na mgeni wa kumjikazia. Alikuwa anavitoa vichupa kimoja kimoja, anavitazama kwenye mwanga, anavirudisha.

"Mzee," akasema, "mwanangu nilikuwa namchoma maji. Asubuhi na jioni. Nimemtoboa mwili wote huu, bure."

Nilisimama pale na raba mkononi. Ni Kabula aliyeweka penseli chini, akasogea mpaka akagusana na mama yake, akachukua kile kichupa mkononi mwa mama akakirudisha koponi.

"Lakini mama, kila siku ulikuwa unanipuliza kwanza pale pa sindano," akasema. "Mimi haikuwahi kuniuma."